Kutoka kwa Linda Martell hadi kwa Beyoncé: Ni Nani Mwenye Mlango wa Muziki wa Kantri?

Albamu ya Cowboy Carter ilimtoa mwanamuziki Beyoncé katika midundo ya kumbi za usiku na kumwingiza katika muziki wa kantri wa Marekani. Mabadiliko hayo yameamsha upya mjadala wa miaka mingi kuhusu asili ya muziki huo, walioujenga na walioachwa nje ya mlango wake.

Tarehe 29 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu, siku ambayo katika parokia zetu kengele hunyamaza hadi utenzi wa Utukufu wakati wa Mkesha wa Pasaka. Siku hiyo hiyo mwanamuziki Mmarekani Beyoncé Knowles-Carter alitoa albamu yake ya nane, Cowboy Carter, yenye nyimbo na vipande 27. Wimbo wa kwanza umebeba katika jina lake neno Requiem, neno la Kilatini ambalo waamini wengi wanalifahamu kutokana na Misa ya kuwaombea marehemu. Wimbo wa mwisho unaitwa Amen. Hatuna sababu ya kuupatia mpangilio huo uzito usio wake: hii si albamu ya dini, na baadhi ya nyimbo zake hazifai kusikilizwa na watoto sebuleni. Hata hivyo, mtu anayefungua kazi yake kwa neno la mazishi na kuifunga kwa neno la itiko hana budi kuulizwa anazika nini, na anaitikia nini.

Jibu lake alilitoa mwenyewe siku kumi kabla ya albamu kutoka. Katika ujumbe wake kwa umma alieleza kwamba kazi hiyo ilizaliwa kutokana na tukio la miaka kadhaa nyuma, ambapo alijiona wazi kwamba hakukaribishwa. Hakulitaja tukio lenyewe, lakini wafuatiliaji wengi wa muziki walilielekeza fikra zao mahali pamoja: Nashville, jimboni Tennessee, tarehe 2 Novemba 2016. Usiku huo, katika utoaji wa tuzo za Chama cha Muziki wa Kantri uliokuwa ukitimiza miaka 50, Beyoncé alipanda jukwaani pamoja na kundi lililojulikana wakati huo kwa jina la Dixie Chicks, wakaimba wimbo wake Daddy Lessons. Baadhi ya waliokuwamo ukumbini walishangilia. Katika mitandao ya kijamii, kwa upande mwingine, yalimiminwa maneno ya kejeli na ya ubaguzi wa rangi, huku watu wakihoji huyu amefuata nini hapa. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba kamati ya kantri ya tuzo za Grammy imekataa kuuweka wimbo huo katika kundi la nyimbo za kantri.

Ikumbukwe kwamba anayezungumziwa hapa si mgeni wa mazingira yale. Beyoncé alizaliwa mwaka 1981 mjini Houston, Texas, mji ambao kila mwaka huandaa maonyesho makubwa ya mifugo na michezo ya wapanda farasi, na yeye mwenyewe amekwisha kuimba katika maonyesho hayo. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa ya mikondo mingine: nyimbo za R&B tangu akiwa katika kundi la Destiny's Child, kisha pop, na mwaka 2022 albamu ya Renaissance, iliyojaa muziki wa kuchezea usiku. Kutoka hapo hadi kwenye banjo na gitaa la mbao ni safari ndefu kwa sikio la msikilizaji. Kwa binti wa Texas huenda isiwe ndefu kiasi hicho.

Ndani ya albamu husikika pia sauti ya mwanamke mzee, akizungumza kwa utulivu juu ya jinsi muziki unavyowekewa mipaka na majina. Huyo ni Linda Martell. Kwa maoni ya mwandishi huyu, bila kuijua habari yake haiwezekani kuielewa vema habari ya Beyoncé, kwa maana wanawake hawa wawili walipiga hatua ile ile, mmoja akiwa ametangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Linda Martell alizaliwa mwaka 1941 katika jimbo la South Carolina. Alianza kuimba nyimbo za kanisani, akapitia R&B, na mwaka 1969 akahamia muziki wa kantri. Wimbo wake Color Him Father ulipanda hadi nafasi ya 22 katika chati ya kantri. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio kinachorushwa kutoka Nashville, ambacho kwa wapenzi wa muziki huo ni kama kanisa kuu lao. Mwaka 1970 ikatoka albamu yake, Color Me Country. Ilitolewa na kampuni iliyoitwa Plantation Records, yaani kwa jina la yale mashamba makubwa ambayo babu na bibi zake walitumikishwa wakiwa watumwa. Msomaji anaweza kulipima mwenyewe jina hilo.

Albamu ile haikufuatiwa na nyingine. Martell amesimulia jinsi watu katika baadhi ya kumbi walivyomrushia matusi ya rangi alipokuwa akiimba, na jinsi alivyojifunza kuendelea kuimba huku akiyasikia. Mmiliki wa kampuni yake, Shelby Singleton, aliamua kuelekeza nguvu kwa mwimbaji mwingine, na Martell alipojaribu kurekodi kwingineko akakuta njia zimefungwa. Akarudi nyumbani South Carolina. Miongoni mwa kazi alizozifanya kwa ajili ya kujipatia riziki ni udereva wa basi la shule. Watoto aliowabeba asubuhi hawakuwa na namna ya kujua kwamba dereva wao alikuwa amesimama mara 12 katika jukwaa ambalo waimbaji wengi huliota usingizini maisha yao yote.

Sasa, mpaka huu uliomrudisha Martell nyumbani ulitoka wapi? Wengi hudhani kwamba ni wa asili: weupe na fidla zao na kantri yao, weusi na blues yao. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Banjo, chombo kinachotambulisha muziki wa kantri kuliko kingine chochote, kina asili ya Afrika Magharibi. Watumwa ndio waliovuka bahari na ufundi wa kuwamba ngozi juu ya kibuyu, kutia mpini na kufunga nyuzi. Katika Senegal na Gambia, Wajola bado wanapiga akonting, ambayo wataalamu huihesabu kati ya jamaa wa karibu wa banjo. Msomaji wa Dodoma aliyezoea kuliona zeze la Wagogo, nalo likiwa la kibuyu na ngozi, hatapata shida kuutambua ukoo huo. Mashambani na vijijini mwa kusini ya Marekani, weusi na weupe walipiga vyombo vile vile, wakaazimana nyimbo na kufundishana. A.P. Carter, wa ile familia maarufu ya Carter, alipozunguka milimani kukusanya nyimbo, alifuatana na mpiga gitaa mweusi, Lesley Riddle, aliyezishika tuni kichwani. Naye Hank Williams, anayehesabiwa miongoni mwa nguzo za kantri, alifundishwa gitaa akiwa kijana na mwanamuziki mweusi wa mitaani, Rufus Payne.

Mgawanyo uliletwa na biashara. Katika miaka ya 1920, kampuni za kurekodi zilipogundua kwamba watu wa kusini wako tayari kununua santuri za muziki wao wenyewe, zilizigawa katika orodha mbili: moja ya wateja weusi, nyingine ya wateja weupe wa mashambani. Mpiga fidla mweusi aliyejua nyimbo za aina zote mbili alitakiwa kurekodi blues, kwa sababu ndiyo iliyolingana na orodha yake. Kizazi kimoja baadaye, orodha za wauza santuri zilikuwa zimegeuka kuwa ukweli vichwani mwa watu. Hata mtoto angeweza kukwambia kantri ni ya nani.

Wapo waliopita katikati ya nyufa. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo ambaye polio ilidumaza mwili wake tangu utoto, alikuwa mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry. Alisafiri na waimbaji weupe, akajaza kumbi pamoja nao, kisha akakataliwa katika hoteli walizolala wenzake. Mwaka 1941 aliachishwa katika mvutano uliohusu haki za nyimbo, akaishia kung'arisha viatu vya watu Nashville. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2005, miaka 23 baada ya kifo chake. Ray Charles mwaka 1962 alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri akiziimba kwa mtindo wake, nayo ikauzwa kwa wingi mno, lakini aliingizwa katika Jumba hilo mwaka 2021, naye akiwa amekwisha fariki. Charley Pride ndiye aliyefaulu kuliko wote, na mwaka 1971 akapewa tuzo kuu ya chama cha kantri. Lakini hata yeye, nyimbo zake za kwanza zilipopelekwa redioni mwaka 1966, kampuni yake ilizituma bila picha yake. Watangazaji waliipenda sauti kabla ya kujua rangi ya mwenyewe.

Kwa mwanga huo, mafanikio ya Cowboy Carter yanaeleweka vizuri zaidi. Wimbo wa Texas Hold 'Em, uliotolewa Februari 2024 na kufunguliwa kwa banjo ya Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi aliyejitoa kuirudisha historia ya chombo hicho, ulimfanya Beyoncé kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kushika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya nyimbo za kantri. Albamu nayo ikashika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu za kantri, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mwanamke mweusi. Willie Nelson na Dolly Parton, wazee wanaoheshimiwa na pande zote, walitoa sauti zao ndani yake. Wimbo wa Blackbird aliimba pamoja na waimbaji wanne chipukizi weusi wa kantri: Tanner Adell, Brittney Spencer, Tiera Kennedy na Reyna Roberts. Na hapo pengine ndipo penye ukarimu mkubwa kuliko pote katika albamu nzima.

Si kila kitu ndani yake kinastahili sifa. Jolene, wimbo wa Dolly Parton wa mwaka 1973, ulikuwa wa mwanamke anayemsihi mwenzake asimpokonye mume. Nguvu yake yote ilikuwa katika unyonge wa yule anayesihi, na kila mtu aliyewahi kuogopa kupoteza nyumba yake aliuelewa. Beyoncé ameuandika upya, na mwanamke wake hasihi tena, anaonya na kutisha. Waliosifu wamesema huyo ni mwanamke wa zama mpya. Binafsi naona kwamba kitisho ni jambo rahisi kuliko kukiri hofu, na kwamba wimbo umetoka katika mabadiliko hayo ukiwa na sauti kubwa zaidi na moyo mdogo zaidi. Aidha, nyimbo 27 ni nyingi. Kuna mahali katikati ya albamu ambapo msikilizaji huanza kuhesabu zilizobaki.

Swali lililo zito, hata hivyo, ni jinsi walinzi wa mlango walivyopokea kazi hii. Mwezi Februari, kituo kimoja cha redio jimboni Oklahoma kilimjibu msikilizaji aliyeomba Texas Hold 'Em kwamba chenyewe ni kituo cha kantri na Beyoncé hapigwi. Malalamiko yalipofurika, kikabadili msimamo. Katika chati inayopima upigwaji wa nyimbo katika redio za kantri, wimbo ule ule uliokuwa wa kwanza kwa jumla haukuingia hata katika 30 bora. Yaani watu waliusikiliza na kuununua, lakini redio za kantri hazikuwafuata. Mwezi Septemba 2024 Chama cha Muziki wa Kantri kilipotangaza wanaowania tuzo zake, Cowboy Carter haikutajwa katika kundi lolote.

Haki inadai tuwasikilize pia waliotetea uamuzi huo. Mwimbaji Luke Bryan, alipoulizwa, alisema kwamba anayefanya albamu ya kantri ingefaa aje pia kuishi kidogo na watu wa kantri, ashirikiane nao katika shughuli zao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kila jumuiya ina utaratibu wake wa kumjua mtu, na hata katika kwaya zetu anayekuja siku ya sherehe tu, bila kuonekana mazoezini, hutazamwa kwa jicho la pembeni. Ila hoja hiyo inasahau jambo moja. Alikwenda Nashville mwaka 2016, akaimba mbele yao, na yaliyofuata tumekwisha yasimulia. Martell naye alikwenda, akaishi kati yao, akaimba katika jukwaa lao mara 12. Utaratibu wa kumkaribisha mtu una maana pale tu anapokuwa na njia ya kweli ya kuukamilisha.

Tarehe 2 Februari 2025 huko Los Angeles, Cowboy Carter ilipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri, tuzo ambayo hakuna mwanamuziki mweusi aliyewahi kuipata kabla. Tangu kundi la Pointer Sisters mwaka 1975, hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amepata tuzo ya Grammy ya kantri ya aina yoyote. Usiku huo huo ikatangazwa kuwa albamu bora ya mwaka. Beyoncé alipopanda kuipokea, aliitolea kwa heshima ya Linda Martell. Bibi huyo, akiwa na miaka 83, alikuwa mwenyewe amewania tuzo ya Grammy kwa mara ya kwanza maishani mwake, kutokana na wimbo alioshiriki katika albamu hiyo.

Kwa nini mmoja alirudishwa nyumbani na mwingine akapewa tuzo? Wengi hujibu kwamba ni kwa sababu nyakati zimebadilika, na kwa sehemu hilo ni kweli. Lakini tofauti kubwa zaidi ni ya umiliki. Martell alikuwa chini ya kampuni ya mtu mwingine. Mwenye kampuni alipogeuza uso, hakubakiwa na mahali pa kusimama. Beyoncé ana kampuni yake mwenyewe, ana fedha na wasikilizaji duniani kote. Redio zikikataa kumpiga hapungukiwi chakula, na hakuna mtu Nashville mwenye uwezo wa kumwachisha kazi ambayo hakumpa. Ndiyo maana ushindi wake, ingawa ni wa kweli, haupimi mlango umefunguka kiasi gani. Tajiri aliyenyimwa ufunguo ataweza kujijengea lango lake. Wa kutazamwa ni akina Adell na Spencer, wasio na mali ya namna hiyo, ambao kupigwa redioni ndiko kunakolipa kodi ya nyumba. Shaboozey, kijana mwenye asili ya Nigeria aliyeshirikishwa katika albamu hiyo, alikaa nafasi ya kwanza katika chati kuu ya Marekani kwa wiki 19 mwaka huo huo kwa wimbo wake mwenyewe. Hiyo ni dalili njema. Kwa wanawake, dalili ya kiwango hicho haijaonekana.

Yote haya yana jirani wa karibu kuliko tunavyodhani. Nchini Kenya muziki wa kantri una wapenzi waaminifu tangu zamani. Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wamesikika majumbani na redioni kwa vizazi kadhaa, na wapo Wakenya wanaouimba wenyewe, akiwamo Elvis Otieno, ajulikanaye kama Sir Elvis. Wasikilizaji hawa wameupenda kwa sababu unaimba juu ya mama, shamba, safari, sala na kufiwa. Hawakuwa wamesubiri mtu yeyote awaambie kwamba chombo kinachowaliza kilitengenezwa kwanza na mikono ya Waafrika.

Miezi minne baada ya usiku ule wa Los Angeles, Juni 2025, Chuo cha Kurekodi, chombo kinachotoa tuzo za Grammy, kilitangaza kwamba tuzo ya albamu bora ya kantri itagawanywa kuwa mbili: moja ya kantri ya kisasa, nyingine ya kantri ya jadi. Viongozi wake walieleza kwamba pendekezo hilo lilikuwa limeletwa mara kadhaa katika miaka iliyopita, na hakuna sababu ya kuwaita waongo. Muziki wa R&B nao una mgawanyo wa namna hiyo. Sasa wajumbe watalazimika kuamua, mwaka baada ya mwaka, ni albamu ipi iitwe ya jadi na ipi iitwe ya kisasa, na mwimbaji kijana mweusi atakayeleta banjo yake mbele yao atawekwa katika orodha mojawapo kati ya hizo mbili.